Maswali na Majibu: Hoteli Ikigeuzwa Spitali ya Vita

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi hoteli ya Palace ya Madrid, iliyofunguliwa mwaka 1912, ilivyofanywa hospitali ya kijeshi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936. Tulitaraji barua za kuuliza nani alipigana na nani. Zilizokuja zinauliza milango, mabomba, masufuria na makaro, nasi tumefurahi, kwa sababu huko ndiko kazi yenyewe iliko. Tumechagua tano.

Assalaam alaykum. Mimi ni msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli moja huku Kiwengwa. Vyumba vyetu ni 60, kila kimoja kina kitanda cha sita kwa sita, choo chake na feni. Nimesoma makala yenu nikajiuliza: kazi iko wapi hapo? Si kutandika shuka na kuwaita madaktari tu?
*Bi Msimamizi, Kiwengwa*

Waalaykum salaam, Bi Msimamizi. Shuka mnazo, dobi mnaye, jiko kubwa mnalo, na hivyo ni vitu ambavyo hospitali nyingi zingevililia. Lakini hoteli imejengwa ili mgeni asionekane: afunge mlango, avute pazia, asisikie jirani. Majeruhi anatakiwa aonekane usiku na mchana. Muuguzi mmoja akisimama katikati ya wodi ya wazi anawaona watu 20 kwa kugeuza shingo. Katika korido ya hoteli, watu 20 hao hao wako nyuma ya milango 10, na anayevuja damu kwenye mlango wa nane atajulikana zamu itakapomfikia.

Kwa hiyo jambo la kwanza si vitanda, ni kugawa watu. Wenye hali mbaya huwekwa kwenye ukumbi wa kulia chakula, vyumba wakaachiwa wanaopona na wanaoweza kutembea. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 10. Kitanda cha hospitali kina upana wa sentimita 90 hivi, na kati ya kitanda na kitanda iachwe mita 1 kwa uchache. Kila ukuta mrefu utachukua vitanda 10, zibaki kama mita 2 za mlango na pahala pa kunawia mikono. Jumla ni vitanda 20. Siku ya pili atakuja mkubwa mmoja, aone uwazi wa mita 6 katikati, aamrishe safu mbili zaidi zilizogusana vichwa. Zitaingia, lakini njia zitabaki za mita 1 kila upande. Machela itapita, ila kitanda cha magurudumu hakitageuka, na muuguzi mwenye toroli ya dawa akikutana na mwenzake, mmoja wao itabidi arudi kinyumenyume. Usiku umeme ukikatika hapo ndipo watu wanapokwaana.

Sasa hicho kitanda cha sita kwa sita. Mlaze mtu katikati yake, kisha jaribu kumfunga bendeji ya kifua bila ya kupanda juu kwa magoti. Huwezi. Tena ni kifupi: anayeinama kwenye kitanda cha nusu mita kwa saa 12 mgongo wake hautamaliza wiki. Vitanda hivyo hutolewa, au vya mtu mmoja hubakishwa na kunyanyuliwa kwa matofali au vigogo vilivyochongwa tundu ili mguu usiteleze. Godoro huvishwa reksini na mishono yake izibwe, maana damu na usaha vikishaingia kwenye sponji havitoki kwa kuanika juani.

Halafu milango. Machela ya kijeshi ina urefu wa mita 2.29 na upana wa sentimita 58 hivi. Mlango wa chumba cha hoteli, kwa kawaida sentimita 80 hadi 90, unaipitisha ikiwa inakwenda moja kwa moja. Tabu ni kona. Korido ya mita 1.5 yenye mlango ubavuni hailazi machela hiyo. Wabebaji huiinamisha, na mwenye nyonga iliyovunjika hukumbuka kona ile maisha yake yote. Wanaoijua kazi hutembea kwanza na machela tupu, tangu barzani hadi kitandani, na kila kona inayokataa hutiwa alama ya chaki. Bawaba zitolewe, milango iwekwe stoo na nambari zake.

Lifti nayo ipimwe. Ile ya watu wanane iliyozoeleka hotelini ina nafasi ya mita 1.1 kwa 1.4 ndani. Machela haingii humo ila kwa kusimamishwa wima. Lifti ya hospitali ni kama mita 1.4 kwa 2.4. Hotelini basi chumba cha upasuaji, mapokezi ya majeruhi na wodi ya mahututi vyote vikae chini, na ghorofani wapande wenye miguu.

Mlango wa choo usiusahau. Hotelini aghlabu hufunguka kwa ndani, na mgonjwa akianguka humo mwili wake ndio unaoubana. Fundi ageuze bawaba ufunguke kwa nje, na kitasa kiondolewe. Mazulia yote yatoke, hata lile ghali la mapokezi. Zulia halipigwi deki.

Mimi ni fundi bomba wa Wete. Hoteli ina matangi na makaro yake tayari. Je, ikilaza majeruhi 120 yatatosha? Na ni kitu gani kitaziba kwanza?
*Fundi, Wete*

Fundi, swali lako la pili ndilo tamu, lakini tuanze na hesabu.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila upasuaji. Kwa watu 120 tushike 60, ni lita 7,200. Operesheni 10 kwa siku, lita 1,000. Vyoo vya kuvuta vinakula lita 20 hadi 40 kwa mtu; tukishika 30, ni lita 3,600. Jumla lita 11,800, na bado hujamhesabu muuguzi wala mpishi. Akiba isipungue siku 2, kwa hiyo lita 23,600, ambazo ni simtanki 5 za lita 5,000.

Simtanki 5 zilizojaa ni tani 25. Usizipandishe zote juu ya dari, seuze ikiwa jengo ni la zamani la mawe, chokaa na boriti. Akiba kubwa ikae chini juu ya msingi wa zege, juu pawe na tangi dogo la kuteremshia maji kwa mvuto, na pampu mbili, moja ikifanya kazi na moja ikingoja. Hoteli nyingi zina pampu moja, kwa sababu mgeni akikosa maji saa mbili huombwa radhi na kupewa maji ya chupa. Daktari aliyekwisha kupasua tumbo la mtu haombwi radhi.

Kitakachoziba kwanza ni sinki la chumba cha kufungia mifupa. Ile plasta nyeupe, wenyewe tunaita hogo, ikimwagwa na maji yake machafu hushuka laini kama uji, kisha hugandia kwenye kiwiko cha bomba na kuwa jiwe. Soda ya kuzibulia haiyeyushi kitu hapo, itabidi bomba likatwe. Dawa yake ni kuzuia: ndoo mbili, ya kwanza kuroweshea na kunawia, iachwe usiku mzima plasta itulie chini, asubuhi maji ya juu yamwagwe na tope litupwe kwenye taka. Chini ya sinki weka mtego wa kunasia tope, wa kufunguka kwa mkono. Kitakachofuata ni vyoo vya wodini, kwa pamba na bendeji. Kila choo kiwe na pipa lenye kifuniko, vinginevyo hutalala.

Karo linakufa kwa njia nyingine. Uchafu wa ndani yake husagwa na vijidudu, na hospitali humwaga klorini kutwa kucha. Klorini ikizidi vijidudu vinakufa, uchafu hausagiki tena, povu na harufu vinapanda, na shimo la kunywesha maji linajaa mafuta. Maji ya klorini ya kuoshea sakafu yapelekwe shimo lake pekee. Umbali wa shimo lolote la maji machafu na kisima usipungue mita 30. Huko kwenu Pemba, penye udongo, mita hizo zinasaidia. Kwenye miamba ya matumbawe ya mashariki ya Unguja maji hupenya kwenye nyufa bila ya kuchujwa, kwa hiyo 30 ni chache na kisima kilicho upande wa chini wa shimo kisitumiwe kwa kunywa hata kidogo.

Na gari la kunyonya makaro liwekewe siku yake ya wiki. Lisingojewe mpaka harufu iite.

Ni kweli kwamba pale Palace ya Madrid walipasua watu chini ya kuba la vioo? Na Zanzibar yetu, kuna jengo lililopitia mabadiliko kama hayo?
*Mwanafunzi wa historia, Tunguu*

Kweli, na sababu ni mwanga. Ukumbi wa katikati wa hoteli ile umefunikwa na kuba kubwa la vioo vya rangi, na mji uliokuwa ukipigwa mabomu haukuwa na umeme wa kutegemewa. Madaktari walifuata jua. Hoteli jirani, Ritz, nayo ilikuwa hospitali: ndimo alimofia Buenaventura Durruti, kiongozi wa wanamgambo, tarehe 20 Novemba 1936. Lakini vioo juu ya meza ya upasuaji katika mji unaopigwa mabomu ni hatari ya pili, tusilipambe jambo lile kupita kiasi.

Mifano ipo mingine. Cairo mwaka 1915 Heliopolis Palace ilikuwa hospitali ya Waaustralia. Ilipangiwa vitanda 520, kisha majeruhi wa mapigano ya Gallipoli, Uturuki, wakaja kwa wingi hadi uwanja wa michezo wa Luna Park, pamoja na ukumbi wake wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, ukageuzwa wodi. Chicago, Marekani, Chicago Beach Hotel iligeuzwa hospitali ya jeshi ikaitwa Gardiner, kwa jina la Ruth Gardiner, muuguzi wa jeshi aliyefariki katika ajali ya ndege Alaska mwaka 1943.

Biltmore ya Coral Gables, Florida, inafaa kusomwa na kila mwenye hoteli. Jeshi liliichukua mwaka 1942. Sakafu za marumaru zilifunikwa kwa linoliamu na madirisha mengi yakazibwa kwa zege. Vita vikaisha 1945, lakini jengo likabaki hospitali ya askari wastaafu hadi 1968, na halikurudi kuwa hoteli mpaka 1987. Kuigeuza hoteli kuwa hospitali ni kazi ya wiki chache. Kuirudisha ni jambo jingine.

Kwetu Zanzibar safari ilikwenda upande wa pili. Mambo Msiige, pale Shangani, ilijengwa katikati ya karne ya 19 ikiwa nyumba ya tajiri, ikawa hospitali ya Wazungu kuanzia 1918 hadi 1924, kisha ofisi za serikali, na tangu 2015 ni sehemu ya hoteli kubwa. Ama majeruhi wa vita, bandari yetu iliwaona asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza iliyokuwa ikitengenezwa mitambo. Mabaharia 38 walifariki na 55 kujeruhiwa. Baadhi ya waliokufa wamezikwa kisiwa cha Chapwani.

Ukitaka zoezi, ingia jumba lolote la zamani la Mji Mkongwe ambalo leo ni hoteli, upime vyumba. Vingi vina upana wa mita 3 au pungufu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Kitanda cha mita 2 kikilazwa kukatisha chumba, njia inayobaki ni mita 1, na machela yako ni 2.29. Ngazi hata usizitaje. Kinachofaa humo ni ua wa katikati: uko chini, una mwanga kutoka juu, na hewa inapanda. Fundi wa zamani hakumfikiria mpasuaji, lakini alimjengea.

Nimestaafu uuguzi, niko Mkoani. Vijana wanadhani jiko la hoteli linatosha kusafishia vyombo vya upasuaji kwa kuchemsha. Waambieni.
*Mama Muuguzi, Mkoani*

Shikamoo, Mama. Tunawaambia.

Kuchemsha kwa dakika 20 kunaua vijidudu vingi, lakini mbegu za pepopunda na za donda linalotoa gesi zinabaki hai, na majeraha ya vita yenye udongo na vipande vya nguo ndiyo makazi yake hasa. Kinachotakiwa ni mvuke wenye presha: nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vyombo vilivyofungwa kitambaa. Hoteli isiyo na mtambo wa hospitali inaweza kuanza na sufuria kubwa la presha, kwa masharti. Hewa itolewe kwanza: valvu iachwe wazi mpaka mvuke utoke mfululizo kwa dakika kadhaa, ndipo ifungwe. Hewa ikibaki ndani, presha itasoma sawa na joto halijafika. Dakika zihesabiwe tangu presha ilipofika, si tangu moto ulipowashwa. Vifurushi visishindiliwe. Kikitoka kimeloa, kimeharibika, kirudi, kwani kitambaa kibichi kinafyonza vijidudu vya mkono wa anayekishika. Na ile tepu inayobadilika rangi inasema tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Haisemi ni salama.

Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, yataweka ukoko kwenye mtambo. Kinga maji ya mvua.

Nguo zenye damu ziroweshwe kwanza kwenye maji baridi. Anayeanza na ya moto anaipika damu ndani ya uzi, na doa hilo litazikwa pamoja na shuka. Baada ya hapo mashine ya hoteli ifanye kazi yake: nyuzi 71 kwa dakika 25. Nguo chafu ziingie kwa mlango mmoja na safi zitoke kwa mwingine. Dobi la hoteli huwa na mlango mmoja, kwa hiyo dirisha hubomolewa.

Kwa sakafu na damu iliyomwagika, klorini ya asilimia 0.5. Jik ya asilimia 3.5: kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Ikiwa ni klorini ya unga ya asilimia 70, gramu 143 kwa ndoo ya lita 20. Itengenezwe kila siku, ndoo iwe ya plastiki, na asiichanganye mtu na dawa ya choo yenye asidi, gesi yake inakaba mapafu.

Vingine viwili vya jikoni ambavyo Mama utatuunga mkono. Damu ya kuongezewa watu haiwekwi kwenye friji la mpishi: inataka nyuzi 2 hadi 6 bila ya kuyumba, na friji la jikoni hufunguliwa kila mara. Mitungi ya oksijeni isikae karibu na jiko, kwa sababu ya mafuta kuliko hata moto. Mkono wenye samli ukifungua valvu ya oksijeni unaweza kuwasha moto wenyewe. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 za gesi, ukitoa lita 10 kwa dakika, unamtosha mtu mmoja saa 11 tu, kwa hiyo ratiba ya kubadilisha iandikwe ukutani.

Sisi ni watu wa barza, Jang'ombe. Tumebishana wiki nzima. Hoteli ikifanywa spitali ya jeshi, juu yake inatiwa msalaba mwekundu au hilali? Na walinzi wakiwa na bunduki mlangoni, haki yake ya kutopigwa haiondoki?
*Wanabarza, Jang'ombe*

Wote mna haki, kwa hivyo kahawa mlipe pamoja. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 unatambua msalaba mwekundu na hilali nyekundu kwa hadhi moja, na tangu itifaki ya 2005 ipo pia almasi nyekundu. Hilali ilianza na Waturuki wa Dola ya Uthmaniya katika vita vyao na Warusi miaka ya 1870. Alama moja haina kinga kubwa kuliko nyingine. Jeshi hutumia ile iliyochukuliwa na nchi yake. Tanzania chama cha kitaifa ni cha Msalaba Mwekundu. Iwe kubwa, juu ya uwanja mweupe, ionekane kutoka angani na baharini, na usiku imulikwe ikiwa kamanda ameamua hivyo. Alama iliyochorwa kwa kificho ni sawa na isiyokuwepo.

Walinzi wenye silaha wanaruhusiwa, kwa kujilinda na kuwalinda wagonjwa. Hata bunduki walizokuja nazo majeruhi, zikiwa bado hazijakabidhiwa, haziondoi kinga. Kinachoiondoa ni hospitali kutumiwa kumdhuru adui nje ya kazi yake ya tiba: kuweka ghala la risasi chini ya jiko, kufunga redio ya kuongozea mashambulizi darini, kulaza kikosi kizima cha askari wazima ghorofa ya tatu. Hata hapo, adui anatakiwa kwanza aonye na kutoa muda wa kutosha pale inapofaa. Onyo likipuuzwa ndipo kinga inaanguka.

Na hapa hoteli ina udhaifu wake. Kwa kuwa ina vyumba vingi, maofisa hupenda kulala humo, na kwa kuwa iko mjini, mara nyingi iko hatua chache na bandari, ambayo ni shabaha halali. Mkataba unawataka wenye mamlaka waziweke hospitali mbali na shabaha za kijeshi kadiri iwezekanavyo. Angalieni ramani ya Mji Mkongwe, mtizame hoteli zilivyo na bandari ya Malindi ilivyo. Hilo lijadilini wiki ijayo.